Ritifaa ya Bi Semng'indo

Jumatatu ya malipo, ofisi ya ushirika wa maziwa,
Barabara ya Kumi na Nane, Ngamiani.
Feni inazunguka kwa hisani tu.
Orodha imechapwa nusu, ikakatika hapa:

Semng

kisha weupe, karatasi nzima weupe.
Wafugaji sabini na mmoja walio chini yake
hawana jina, hawana lita, hawana senti.

Mwenyewe yuko dirishani, Bi Mwanamvua wa Pongwe,
ndoo mkononi, kanga imeshika harufu ya zizi.
"Mwanangu, mmenikata shingo."

Namjua aliyekata. Ni ritifaa,
kijidudu kile juu ya mstari, chepesi kuliko siafu.
Mashine niliiambia: jina huanza kwa alama hii,
na kwa alama hii hii huisha.
Ikafika kwenye ng', ikaiona,
ikafunga kama mwenye duka aliyesikia adhana
asiulize nani bado yumo ndani.

Katibu Mhina, mtu wa njia ya mkato:
"Itoe tu. Andika Semngindo. Nani atajali?"
Bi Mwanamvua kasikia.
"Semngindo simjui. Huyo akija, mlipeni."
Ndoo akaitua sakafuni, kwa kishindo.

Ana haki. Ngoa ni wivu, ng'oa ni jino;
asiyezitenganisha asishike koleo.

Basi nikaleta mkwaju ulioegemea nyuma

\

kama mtu aliyeketi kizingitini,
nikauweka mbele ya ritifaa: Semng\'indo.
Kazi yake kunong'ona tu:
anayenifuata si mwisho, ni wa nyumba hii, mpishe.

Mashine ikapisha.

Siku haikuisha hapo. Faili nikalielekeza
C:\tanga\nguvumali
na mashine, ikishaujua mkwaju, ikautii kupita kiasi:
t ikaifanya pengo, n ikaifanya mstari mpya,
nikarudishiwa

C:        anga
guvumali

Mji wote umebaki anga, na mtaa hauna nguvu za kuanzia.
Nikacheka peke yangu. Mhina akadhani namcheka yeye
(sikumkatalia).

Dawa yake mikwaju miwili,
wa kwanza uushike mkono wa pili:
wewe usitende kitu, simama tu uwe mkwaju.
C:\\tanga\\nguvumali

Saa tisa kasoro printa ikakohoa, ikatema majina,
la Bi Mwanamvua zima, na wale sabini na mmoja nyuma yake.
Mkwaju haumo. Ukishampitisha mtu
haubaki kwenye karatasi kudai shukrani.

Akaiinua stakabadhi kwenye mwanga wa dirisha,
akaipapasa ile alama kwa ukucha
kama anayetafuta kupe sikioni mwa ndama.
"Ipo," akasema.

Akahesabu hela, akarudia kuhesabu.

"Na lita za Alhamisi?"