Kilo Mia Mbili na Kumi na Mbili

Uwanjani Leitza, mvua ikinyunya,
nililiinua jiwe la matale, jeusi, limechongwa kama pipa:
mapajani kwanza, kisha tumboni, kisha kifuani,
halafu begani,
na watu wakakumbuka kupumua.
Hawakujua kwamba juma lile lile
nilishindwa kufunua kitambaa
nimtazame baba mara ya mwisho.

Baba alikuwa na dawa moja tu kwa maradhi yote:
"Piga moyo konde, Xanti."
Nikaupiga.
Miaka thelathini nikaupiga,
asubuhi kabla ya kahawa, usiku baada ya zamu kiwandani,
hadi damu ikavilia
nami nikaita uvimbe ule nguvu.

Garazi aliondoka na mtoto na sufuria mbili.
Aliniachia karatasi juu ya friji:
*Kuishi nawe ni kuishi na mlango.*
Niliisoma nimesimama.
Nikanywa supu yote.

Basi msidhani ni jiwe lililonivunja.
Ni soksi.
Soksi ya Oier, ya bluu, chini ya kitanda;
niliinama kuiokota na pingili ya mgongo ikateguka,
ta!, kama kijiti.
Saa tatu nililala sakafuni,
mimi, bingwa wa bonde zima,
pua yangu na ile soksi uso kwa uso.
Nililia.
Ni mgongo, nilijiambia. Ni mgongo tu.

Kule Tolosa, binti aliyenikanda aliniuliza:
"Ukipumua, pumzi inaishia wapi?"
Hamsini na mbili, na sikujua.

Siku hizi kila Alhamisi tunakaa wanaume sita
nyuma ya ghala la jibini la Joxemiel.
Kunanuka kondoo. Viti havilingani.
Sheria ni moja, kutotoa ushauri,
na Koldo huivunja kila wiki.
Wiki ya kwanza nilihesabu majibini rafuni: arobaini na moja.
Wiki ya tano nilisema jina la baba
na hakuna aliyeangalia saa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Zamani nilisikia kejeli humo.
Sasa nasema: vema,
kama wangu kwenu ni usufi,
haya, ushikeni kidogo
nijinyooshe.

Jumapili nilimpigia Oier, Bilbao.
Kumi na minne ana, na sauti inapasuka.
Tukamaliza mpira, tukamaliza mvua.
Nikalikumbatia lile neno, likapanda
mapajani, tumboni, kifuani,
likakwama pale pale linapokwama siku zote.
"Baba, upo?"
"Nipo. Nina upweke, mwanangu."

Kimya.
Nikasikia basi likipita mtaani kwao.

"Ile soksi yangu ya bluu," akasema,
"bado iko huko?
Nitakuja kuichukua."