Nne Nukta Saba

Wageni wa mjini husimama ukingoni mwa Gråvatn,
wanasema: tazama maji haya,
unaweza kuhesabu mawe mita tisa chini.
Mjomba Gunnleik hawajibu. Anafunga kamba ya boti,
anatema mate upande wa nchi kavu.
Baadaye ananiambia: nyumba inayong'aa namna hii
haina watoto.

Nilishusha chupa kwa uzi, nikaipandisha,
nikachovya kijiti cha mita yangu,
vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Aprili,
theluji bado imekaa vivulini mwa misonobari.
Sindano ikasita, ikarudi, ikatulia:
nne nukta saba.

"Si nyingi," akasema. "Hata tano haifiki."

Hapo ndipo penye mtego, mjomba.
Namba hii hutembea kinyumenyume:
ikishuka hatua moja, asidi imepanda mara kumi;
ikishuka mbili, mara mia.
Nikageuza daftari juu ya goti.
Kumi kwa kipeo hasi nne nukta saba
ni mbili mara kumi kipeo hasi tano,
moli za haidrojeni katika kila lita.
Nukta, sifuri nne, kisha mbili.
Ungeonja usikunje uso.
Lakini samaki haonji, anapumua ziwa zima,
na aluminiamu iliyong'olewa udongoni
inamganda kwenye matamvua kama gundi.

"Na ile nyingine? Ile ya besi?"

Haidroksidi. Hizo mbili hulala chini ya blanketi moja
lisilorefuka: zizidishe, jibu ni lile lile,
kumi kipeo hasi kumi na nne
(kwa nyuzi ishirini na tano, kitabu kinasema;
leo tuna nne, lakini tuache hilo).
Moja ikivuta, nyingine miguu inabaki nje.
Tano mara kumi kipeo hasi kumi:
ndiyo iliyobaki ikitetemeka.

Usiku, mezani kwa Torbjørg, kati ya vikombe vya kahawa,
nikapiga hesabu ya chokaa.
Lita milioni mia tatu. Moli elfu sita za haidrojeni.
Moli moja ya chokaa humeza mbili, basi elfu tatu,
kila moli gramu mia.
Kilo mia tatu! Mifuko kumi na miwili!
Nikapiga mstari chini ya jibu, mara mbili,
kama nilivyofundishwa shuleni.

Ziwa halikusoma shuleni kwangu.
Kuvumwani kulijificha asidi, na kwenye tope la chini;
theluji ikayeyuka, ikateremsha kwa wiki moja
mvua ya miezi mitano,
mvua iliyobeba moshi wa mabomba ya ng'ambo,
ya watu wasiojua kulitamka jina la Gråvatn.
Mifuko kumi na miwili ilimezwa kabla ya Jumapili.
Tukaleta tani tatu. Kisha nne.
Gunnleik, mweupe toka kofia hadi buti,
akaegemea beleshi lake:
"Karatasi yako ilisahau nini?"
Karibu kila kitu, nikasema.

Septemba, sindano ile ile: sita nukta mbili.
Sita nukta tatu mara kumi kipeo hasi saba,
pungufu ya Aprili kwa mara thelathini na mbili hivi.
Nilirudia hesabu, maana sikuiamini,
na sasa naogopa majibu yanayokuja upesi.
Maji yameanza kufifia, yameingiwa na ukijani mwembamba.
Torbjørg anasikitika, hapigi picha tena.

Gunnleik ametoa wavu bandani,
wavu alioushona kila majira ya baridi
kwa miaka kumi na mmoja bila kuulowesha.
"Na hiyo sita nukta mbili," akauliza,
"inanasika?"

Bado.

Akautandaza juu ya uzio,
akaanza kutafuta matundu.