Maktaba Haipatikani

Kompyuta niliinunua kwa Drani fundi redio,
mtaa wa Oli, Arua, ina ufa ubavuni
na sisimizi ndani ya feni.
"Nakupa kwa bei ya kuku," akasema,
"lakini jogoo, si tetea."

Nikaufuta mfumo wa kulipia, uliokuwa ukidai leseni
kila kukicha kama mwenye nyumba.
Nikaweka ule huru, ambao mtu akitaka
hufungua kifuniko akahesabu parafujo zote.

Mama alitaka jambo moja tu:
kanda zake kumi na saba, nilizokwisha kuhamishia kwenye diski,
zikae sebuleni pamoja,
abonyeze kitufe, asimwombe mtu.
Hasa ile ya harusi, ya enzi zile
baba alipokuwa dereva wa lori la tumbaku.

Programu ya kazi hiyo ipo. Ila walioiandika
waliiandikia nyumba nyingine, yenye milango mingine.
Msimbo wake uko wazi.
Nikaupakua usiku wa manane, bando linapokuwa nafuu,
nikaanza kujenga.

*Maktaba haipatikani*, ikasema skrini.
Nikasoma kwa sauti, Mama akanisikia
akiwa anachambua kunde.
"Maktaba ipo, karibu na manispaa.
Jumamosi hufungwa."

Nikaipata maktaba ya picha, nayo ikadai ya herufi,
ya herufi ikadai nyingine nisiyoijua hata kwa jina.
Ni kama posa: umefikisha mbuzi,
mjomba anaulizia fahali wake;
umeleta fahali, shangazi hajaona gomesi.

Usiku wa nne, asilimia tisini na moja,
umeme ukakatika.
Nikakaa gizani nikisikiliza jenereta la jirani
likimfaa jirani.

Wiki ya tatu, mstari wa elfu nne mia moja na kumi na mbili,
mtu fulani, sijui wa nchi gani, alikuwa ameacha neno:
"Sijui kwa nini hapa panafanya kazi. Usiguse."
Nikagusa.

Jumapili, picha ikatoka.
Rimoti ikatii. Mama akabonyeza mwenyewe:
lori limevishwa maua hadi kwenye vioo,
baba ndani ya suti iliyomzidi mabega,
anafungua mdomo,

kimya.

Nikainamia kibodi. Mama akanishika kiwiko.
"Acha."
Akavuta kiti, akakohoa
kama yule mfasiri wa kibanda cha video
aliyewasemesha Wachina wote Kilugbara huku akitafuna muwa.

"Hapa anasema: mimi Onzima, lori ni la kampuni,
lakini mke huyu ni wangu.
Huyu dada yake, Candiru, anasema pilau haina nyama.
Mwongo. Sahani ya tatu hiyo.
Mchungaji anasema, anasema, bado anasema.
Na hapa…"

Baba ameinama sikioni pake.
Shela inatikisika kidogo.

"Hapa hapatafsiriwi."

Kosa la sauti nililiona Jumatano. Mstari mmoja.
Kiraka nimewatumia wenye programu,
nikaandika jina langu, na chini yake, Arua.
Watu wa mbali wamekwisha kukipokea.

Kwenye kompyuta ya Mama
sijakiweka.