Bei ya Dakika

Rennes, ghorofa ya tatu, ofisi yenye harufu ya karatasi mbichi.
Mtaalamu wa mfuko wa fidia anavua miwani.
"Bi Le Goff, marehemu alijua kwamba anakufa?"
Sheria, ananieleza taratibu, ina fungu la hofu:
aliyeyaona mauti yakimjia, warithi wake hulipwa;
aliyekatika ghafla kama uzi, fungu lake sifuri.

Miezi kumi na minne nimeomba iwe ghafla.
Nilimwapia mama yake: ilikuwa ghafla,
kikombe mkononi, sukari haijayeyuka.

Sasa anafungua jalada.
Mlipuko, saa tatu na dakika mbili.
Simu ya Yannick ilipiga namba yangu
saa tatu na dakika nane.
Mimi nilikuwa naosha nywele.

"Dakika sita," anasema, na sauti inamlainika
kama mtu anayenikabidhi zawadi.
Anaandika: sita.
Kando yake, yuro, tarakimu nyingi.

Nikaomba kalamu.
Akadhani natia sahihi.
Nilitaka kuikata ile sita tu,
nimrudishie mume wangu kifo chake cha haraka.