Ukungu wa Sohra

Julai, Sohra: ukungu haupigi hodi.
Umetoka bondeni, umeingia kabatini,
umeota manyoya ya kijivu
juu ya viatu vya baba.

Daphisha anavitoa barazani, pumzi kaibana.
Brashi kavu kwanza. Kisha kitambaa,
siki kidogo, maji kidogo,
mishono aipitie kwa mswaki mkuukuu.
Jua halipo; basi kando ya jiko,
si karibu mno,
ngozi isije ikapasuka kama kisigino.

Anasokomeza magazeti ndani, yanywe unyevu.
Moja lina tanzia. Analisoma,
analibadilisha na la bahati nasibu ya mishale.

Kesho nta. Kabati litalala wazi.

Ndani ya kiatu cha kushoto
kidole gumba kimeacha shimo lake.
Hapo kitambaa hakifiki.