Pauni Hamsini na Tano

Sikio la kushoto ami Shaame aliliuza
kwa mashine ya farasi kumi na tano,
miaka ishirini na mbili, kwa bei ya jumla.
La kulia limebaki kama redio ya betri chovu:
linashika adhana, halishiki salamu.

Aliponiambia, "Mgeni, nitafutie ya umeme,
ile ndogo, ya kurambazia,"
nilimwandikia nyuma ya risiti:
*Haina sauti hiyo.*
Akaisoma juani, akacheka.
"Nami sina masikio. Tutaelewana."

Chake, dukani kwa Khatoro, zilikuwa tatu,
zimening'inizwa kama papa ng'onda.
Nyeupe, pauni thelathini: ya bwawa hiyo.
Maji ya bamvua yakitoka mlango wa Fundo
itarudi kinyumenyume huku inatazama mbele.
Ya themanini inataka betri mbili,
na betri mbili ni abiria wawili wasiovua.
Khatoro akaisifu kubwa.
Nikapiga hesabu kwa kalamu ya kuazima:
ngalawa, ami, mimi, ndoo ya barafu,
dumu la maji, na samaki, inshallah.
Hamsini na tano. Mhimili mrefu,
maana rafadha ikichungulia juu ya wimbi
inakula upepo, na upepo haushibishi.

Mimi ni fundi wa sola, Wete, karibu na soko la samaki.
Paa nalijua. Bahari huniita mgeni mara mbili.
Siku ya kwanza nilikosea:
niliifunga ubavuni, mbele ya mrengu,
ngalawa ikazunguka kama kuku aliyekatwa,
mshipi ukajinyonga kwenye tengo
na watoto wa Bandarini wakahesabu mizunguko.
Saba.

Ngalawa ya mwembe haina kisogo bapa.
Tukachonga ubao wa mtondoo, tukaukaza tezi
kwa bolti nne zisizoshika kutu,
na kamba juu yake, maana bolti nazo husinzia.
Betri nikaishusha katikati, ndani ya ndoo yenye kifuniko,
waya mnene kama kidole cha mtoto,
girisi kila palipo na shaba.
Ami akashika fyuzi, akaigeuzageuza.
"Hiki cha elfu mbili mia tano, kazi yake nini?"
Nikamwandikia: *Kufa kabla yako.*
Akanirudishia kwa mikono miwili.

Tulitoka na maji mafu, asubuhi.
Alikizungusha kishikio, akanitazama.
Nikaitikia kwa kichwa. Hakuamini.
Akazima, akawasha, akanitazama tena:
mtu aliyezoea kupigiwa makelele
anasemeshwa kwa adabu, anahisi katukanwa.
Kisha akainama, akaweka kiganja juu ya mhimili,
vile mama anavyomgusa mtoto mwenye homa.
Akatulia.
"Imo."

Hakukiondoa kiganja tena.
Mshipi nyuma, pima ishirini, pole pole,
ukingo wa mwamba ukitambaa chini yetu,
na mimi nasikia maji tu, na kikohozi changu.
Ghafla akazima.
"Mwani."
Sikuona kitu, sikusikia kitu.
Akainua rafadha: umejisokota pale,
kijani, kama nywele kwenye kitana.

Kolekole mmoja, wa kilo tatu labda.
Wa pili alikata, akaondoka na ndoana
ambayo ami bado anaidai.
Betri ilipofika nusu nikaonyesha pwani:
nusu ya kwendea, nusu ya kurudia.
Alinung'unika mpaka tukagusa mchanga.

Usiku amekuja barazani kwangu
na sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia,
majirani wote wakaamka kujibu.
"Imelala?"
Nikamwonyesha betri, nimeichomeka kwenye ile ya akiba.
Akachuchumaa, akaigusa.
"Bado inakula," akasema,
akavuta kigoda, akaisubiri imalize.