Upande wa Pili

Redditch ulikuwa mji wa sindano.
Mababu walizichonga, wakazing'arisha,
wakazifunga kwenye karatasi nyeusi,
dunia ikashona.
Siku hizi pana duka la hisani mkabala na kituo cha basi,
na humo, kando ya vikombe visivyo na wenzake,
sahani za kulia zimepangwa juu,
sahani za kusikia zimetupwa chini,
zote peni hamsini.

Nikapiga goti. Goti la miaka hamsini na minne
halipigwi bure.
Kwaya za Krismasi. Kwaya za Krismasi.
Bwana mwenye sweta, anatabasamu na kinanda chake.
Kisha hawa: wanaume wanne, ukuta wa matofali,
mashati yamechomekwa nusu, mmoja kafumba macho
na mpiga picha hakuwa na filamu ya kurudia.
Wasoma Mita, baa ya Farasi Mweusi,
Novemba, sabini na nane.

Nyumbani nikashusha sindano.
Kwanza mchirizo, kama mtu anakaanga yai chumba cha pili.
Kisha gitaa likaingia bila hodi,
kavu, fupi, la kukatakata,
kila noti imetoka kazini haijanawa mikono.
Besi ilitangulia ngoma hatua moja
kama mlevi anayeijua njia ya kwao.
Na mwimbaji haimbi, anadai:
anadai basi la saa tano usiku lililofutwa,
anadai kodi waliyomkata mara mbili,
anamdai msichana wa kiwanda cha springi
pauni mbili na maelezo.

Mimi nilikuwa wapi?
Nilikuwa na miaka sita, nimelala mtaa wa tatu kutoka pale,
dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi.
London haikusikia. Redio haikusikia.
Nakala mia tatu, fedha zao wenyewe,
mia mbili zikaotea ukungu katika gereji ya shemeji.
Husemwa kizuri chajiuza.
Uongo.
Kizuri hukaa chini ya rafu kikingoja mtu mwenye goti.

Niliuliza kwa kinyozi, kinyozi akauliza kwa mamaye.
Wa gitaa alihamia Kanada, anafunga mabomba.
Wa besi wamemzika.
Mwimbaji akawa diwani; sasa ni zamu yake kudaiwa.
Wa ngoma, Royston Tranter, yupo palepale,
anavusha watoto wa shule barabara
kwa fimbo yenye duara la njano.
"Sasa fimbo moja," aliniambia. "Zamani mbili."

Alikuja Jumapili, viatu vimelowa.
Nikamwekea upande wa kwanza.
Mguu haukugonga, kichwa hakikutikisika.
"Naharakisha," alisema. "Nisikilize,
nakimbia kama niliyebanwa na mkojo."
Kisha: "Geuza. Peleka mwishoni kabisa."
Mwishoni hakuna wimbo, nikamwambia.
"Peleka."

Makofi ya watu kumi na mmoja, labda kumi na wawili.
Glasi. Kiti kinaburutwa.
Kengele ya kaunta, halafu sauti ya mwanamke,
kali, imechoka, ina mafua:
Cha mwisho jamani, kisha mwende makwenu,
na wewe Roy, niondolee mangoma yako mlangoni.

Sekunde tisa.
Baada ya hapo ni sindano tu, inazunguka ukingoni
mwa kitu ambacho hakipo.

"Ndiyo mara ya kwanza Lynette kunitaja jina," alisema.
Akanyanyua mkono wa mashine mwenyewe, kwa vidole viwili,
kama anayemtoa mtoto kijiba jichoni,
akaurudisha.
Mara nne.
Chai yake ikapoa, na yangu.

Mlangoni aliniuliza nimeilipia ngapi.
Peni hamsini.
"Umepunjwa," akasema,
akatoka nayo chini ya koti, mvua inanyesha,
na mimi sikumdai.